Vya Nyumbani

Nyumba ya wazazi wangu niliijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa macho. Ukiingia kwenye fleti yetu ya ugenini, ghorofa ya nne, lifti leo inapanda kesho imenuna, kitu cha kwanza kukupiga ugokoni kilikuwa boksi la vitasa vya milango. Ukilikwepa hilo unakutana na zulia la sebuleni, limeviringishwa na kufungwa nailoni, limesimamishwa kwenye kona kama mgeni aliyekataa kiti, na lilikuwa na tabia ya kuanguka bila kuguswa na mtu. Nyuma ya kochi palikuwa na taa kubwa ya vioo, ya kuning'inia, ndani ya boksi lenye mshale wa kuonyesha upande upi ukae juu. Juu ya kabati la jikoni lilikaa bomba lenye shingo ndefu. Na chini ya kitanda cha baba na mama kulikuwa na vigae vya bafuni, boksi juu ya boksi, mpaka ikabidi miguu ya kitanda iwekewe matofali ili vienee, na mama akawa anapanda kulala kwa kigoda.

Vyote hivyo viliitwa vya nyumbani. Nyumbani hakukuwa pale tulipolala, tulipokula na tulipougulia mafua. Nyumbani kulikuwa kule kwetu, ambako nyumba ilijengwa polepole tangu mimi ninabebwa mgongoni: mwaka huu msingi, mwaka ule ukuta, miaka miwili kimya, kisha bati. Pale tulipokuwa palikuwa hapa tu. Vya hapa vilikuwa vikombe vya plastiki, sahani zenye mapengo, mashuka yaliyochakaa ambayo mama aliruhusiwa kuyachukua kazini, na bomba la jikoni lililodondoka mchana na usiku katika nyumba ya fundi. Ukimwuliza baba mbona halitengenezi, anasema bomba la watu hilo, kwa nini alihangaikie wakati lake analo?

Baba alikuwa fundi vigae. Alikuwa anatandaza vigae kwenye bafu za hoteli na za wenye nazo, akirudi jioni anakaa kwenye kochi na kukunja suruali mpaka juu ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa magumu kama visigino. Mama alikuwa anapiga pasi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, anasimama kwenye mashine na mwenzake, huyu anashika pindo hili na yule pindo lile, kutwa nzima. Lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kusimamia ujenzi kwa simu. Ndiyo maana baba alimwita Injinia. Yeye alimwita baba Fundi, na ukiwasikia wanaitana hivyo jikoni ungedhani uko mtaa wa majenzi.

Mdogo wake mama, tuliyemwita Mama Mdogo, ndiye aliyekaa kule kwenye nyumba, chumba kimoja, pamoja na mifuko ya saruji. Kila wikendi alizunguka na simu akimwonyesha mama kuta.

"Geuza simu. Hapo, hapo. Mbona ukuta umepinda?"

"Dada, ukuta haujapinda. Ni mkono wangu."

"Basi nyoosha mkono."

Tulicheka sana siku hiyo, na mama mwenyewe alicheka, lakini hakuridhika mpaka Mama Mdogo aliposimamisha pima maji ukutani na kumwonyesha povu limetulia katikati.

Sitaki kudanganya, mimi nilikuwa nayachukia yale maboksi. Nilikuja nikiwa mdogo, shule nilisomea pale, marafiki zangu ni wa pale, na nilikuwa naona haya kumleta mtu nyumbani akute tunaishi kama watu wanaohama kesho. Nilimwambia mama tufungue japo vikombe. Akanijibu ule msemo wake, mchumia juani hulia kivulini. Nikamwambia kivuli chenyewe basi mbona kimezibwa kwa gundi? Nilifinywa sikio hapo hapo, na ukubwa wangu wote.

Mwenye maneno zaidi yangu alikuwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka saba na tulimwita Kasuku, kwa sababu ukisema neno mbele yake ujue umelitangaza. Siku moja alimkuta mama anafuta vumbi juu ya boksi la vikombe, vile vyenye mstari wa dhahabu kwenye ukingo, akauliza:

"Mama, mimi ni wa hapa au wa nyumbani?"

"Wewe? Wa nyumbani, tena wa nyumbani kabisa."

"Sasa mbona mimi umenifungua?"

Mama alikaa chini juu ya boksi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kile kitambaa cha vumbi. Baadaye nilimsikia akimsimulia Mama Mdogo, anaanza, anashindwa kumaliza.

Ugonjwa ulimwanza mama kwa kuwashwa. Akajikuna, akasema ni sabuni za kazini. Akachoka, akasema ni mvuke. Macho yakaanza kuwa ya manjano, sisi tukawa tunaona, yeye akasema ni taa ya hapa, taa gani hii haina hata nuru. Mama yangu alikuwa na jibu la kila kitu. Kitanda kikawa kirefu kwake, akakaa kwenye kigoda akikitazama kama mtu anayetazama kilima. Baba akamwambia tuvitoe vigae, tushushe kitanda. Akakataa katakata. Alisema vikitolewa vitawekwa wapi, vitapasuliwa na watoto, afadhali alale kwenye kochi. Na kweli alilala kwenye kochi, taa yake ya vioo nyuma ya kichwa chake.

Akaja kuanguka kazini, pindo la shuka mkononi. Mwenzake alidhani analivuta kwa utani.

Hospitali ilikuwa safi na ya kimya, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana baba lugha ya pale aliijua ya kazini tu: kata, pima, subiri ikauke, njoo kesho. Siku ya majibu, daktari hakuzungumza nasi kitandani. Alitupeleka kwenye chumba kidogo chenye viti vitatu na meza, na juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Nilipoliona hilo boksi nilijua. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, na alisema taratibu, sentensi moja moja, anasubiri niseme kwa baba kisha anaendelea.

"Anasema ni ini," nikamwambia baba. "Limeanza huko na limeshasambaa."

"Mwulize dawa."

"Anasema zipo za kupunguza maumivu."

"Si hizo. Mwulize dawa."

Nikauliza tena, ingawa nilikwisha kujibiwa. Baba alitazama mdomo wa daktari kama vile safari hii angeelewa mwenyewe. Kisha akaniambia, "Mwulize ndege. Mwambie si lazima aketi kitini, hata akilala. Nitamshika mimi njia nzima. Afike tu. Alale siku moja kwake, moja tu, mengine ni ya Mungu."

Nilitafsiri hilo nikiwa nalia, nikalichanganya, nikaanza upya. Daktari alitikisa kichwa, na kichwa kikitikiswa hakina haja ya mkalimani. Mama hangevumilia safari ile. Alikuwa amebakiwa na wiki chache, pengine chache sana.

Halafu daktari akasema atamweleza mama mwenyewe, ni haki yake. Baba akasimama. Sijawahi kumwona akimpandishia sauti mtu aliyevaa koti jeupe.

"Mwambie mke wangu namjua mimi. Mwambie yule anaishi kwa ile nyumba. Ukimwambia hataiona, umemuua leo, huo ugonjwa hautapata hata cha kufanya."

Daktari alisikiliza. Akasema hatalazimisha, lakini mgonjwa akimwuliza, hatamdanganya. Tukakubaliana hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama mwenyewe alikuwa akitwambia tukificha vidonda vya magoti. Sasa tulimfichia yake.

Na mama hakumwuliza daktari. Hili ndilo ninalolifikiria mpaka leo. Mtu aliyeuliza kila kitu, aliyetaka kujua mfuko wa saruji umechanganywa na ndoo ngapi za mchanga, alimwangalia daktari akiingia asubuhi, akamjibu anaendelea vizuri, basi. Kwetu aliuliza moja tu: atapata ruhusa ya kusafiri lini? Baba akajibu, ukipata nguvu, Injinia. Akasema sawa. Akaomba simu, akampigia Mama Mdogo kuuliza milango imefika wapi. Seremala anasuasua. Mama akamtumia seremala salamu ambazo siwezi kuzirudia hapa, muuguzi akachungulia kuona nani anagombana. Alipokata simu alikuwa na uso wa afya kidogo.

"Milango ikishafungwa tu," alisema, "tunaita kontena. Vitu vinatangulia, sisi tunafuata."

Baba alipangusa mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

Tulikuwa tunarudi kwa miguu, mimi na yeye, kwa sababu basi lilitupita na hakuna aliyekuwa na nguvu za kulikimbilia. Tulipita mtaa wa maduka, watu wamebeba mifuko yao, wanacheka, na mimi niliwaonea uchungu wote bila kosa lao. Baba akasimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kwa mazoea, akatazama dirishani.

"Anatoka lini?" aliniuliza.

"Ijumaa. Wanampa kitanda cha kukunja na dawa, amalizie nyumbani." Nilisema nyumbani nikiwa na maana ya hapa, ulimi uliteleza, na hakuna aliyenisahihisha.

"Kama yeye hawezi kuifuata nyumba," alisema baba, "nyumba itamfuata."

Nilimwelewa palepale. Na nilifurahi. Katikati ya msiba ule nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule, kwa sababu hatimaye maboksi yangefunguliwa, na yangefunguliwa kwa ajili ya mama, na macho yake yangeona alichokivujia jasho. Niliona ni jambo la kwanza la akili kufanywa katika familia yetu kwa miaka mingi.

Kesho yake baba akaomba ruhusa kazini. Asubuhi, tumemaliza chai, alishika kisu cha kukatia nailoni akapiga magoti mbele ya boksi la vitasa. Akalizunguka kwa macho. Kwenye boksi kulikuwa na mwandiko wa mama kwa kalamu nene: VITASA, MLANGO MKUBWA KWANZA. Akanipa kisu.

"Wewe kata. Mimi sitaweza."

Nikakata. Gundi ilikuwa imezeeka, iliachia bila ubishi. Tulifungua boksi moja, tukafungua la pili, na kufikia mchana tulikuwa tumeshikwa na wazimu. Kasuku hakuambiwa sababu, tulimwambia tunamfanyia mama maajabu, na kwake hiyo ilitosha. Aliruka juu ya zulia likiwa limetandazwa, akalala, akajiviringisha, akasema lina harufu ya duka. Vikombe vya dhahabu vilitoka kwenye majani yake ya karatasi, na tukagundua kimoja kilikuwa kimevunjika mkono tangu dukani. Miaka yote ile mama alilifuta vumbi boksi, na chenyewe kilema humo ndani. Baba akakicheka, akakibandika mkono kwa gundi ya vigae, akakiweka nyuma ya wenzake.

Mapazia yalikuwa ya madirisha ya kule, marefu, yakafika chini na kubaki mengine ya kufagia sakafu. Tukayapinda kwa pini. Taa ya vioo ilikuwa ya dari ya kule vilevile, dari yetu ya hapa ni fupi, ikawa inaning'inia usawa wa paji la uso, na baba, aliyeitundika yeye mwenyewe, akajigonga nayo mara baada ya mara, kila mara akisema, "Samahani." Bomba bovu akaling'oa, akafunga lile lenye shingo ndefu. Kimya kilichoingia jikoni kilinishangaza. Nilikuwa nimekua na ule mdondoko.

Nikadhani tumemaliza. Baba akaingia chumbani, akainamia chini ya kitanda, akaanza kuvuta vigae.

"Baba, na hivi? Hivi si vya kubandika?"

"Ndiyo. Navibandika."

"Kwenye ukuta wa watu? Mwenye nyumba akija?"

"Akija atafikiri kakosea mlango."

Alivibandika. Nimeona kazi nyingi za baba, alikuwa akitupitisha mbele ya mahoteli akituonyesha madirisha ya bafu alizozitandika, lakini kama ile sijaona. Vilikuwa vyeupe, vina maua madogo ya buluu pembeni, na kila ua lilitakiwa kukutana na nusu yake kwenye kigae cha jirani. Alipiga magoti na yale magoti yake, kaweka pima maji, kabana midomo, hasemi. Nilimchanganyia simiti nyeupe ya kujazia mianya. Nilimwona anapitisha kidole kwenye mstari, anarudi, anapitisha tena. Alhamisi jioni alipangusa ukuta mzima kwa kitambaa chenye maji, akarudi nyuma hadi mlangoni, akasema, "Haya. Injinia aje akague."

Ijumaa walimleta wanaume wawili wa hospitali, kwenye kiti cha magurudumu. Lifti, kwa heshima yake, ilipanda. Mama alikuwa amejifunga kilemba alichokipenda, uso umebaki macho, na miguu yake chini ya blanketi ilikuwa haijulikani kama ipo. Wale wanaume wakaaga. Baba akatangulia, akashika kitasa cha shaba cha mlango mkubwa, tulichokifunga kwenye mlango wetu wa hapa, akaufungua kama bawabu wa hoteli.

"Karibu nyumbani, Injinia."

Kasuku alishindwa kujizuia.

"Mama! Tumevifungua vyote! Vyote! Mpaka vya chini ya kitanda!"

"Naona," alisema mama.

Akamwomba baba amsukume polepole. Alianza na sebule. Aliitazama taa muda mrefu, shingo imelala nyuma, vioo vinarusha vinuru kwenye kilemba chake. "Ni kubwa kuliko nilivyoikumbuka," alisema. Akashika pindo la pazia, akaona pini. "Madirisha ya kule ni marefu." Alisema kwa upole, hakumlaumu mtu. Nilimletea chai kwenye kikombe cha dhahabu, akanywa funda moja, akasema chai ni chai. Jikoni alimwambia Kasuku afungue bomba, maji yakatoka kwa mkondo mmoja mnene, akatikisa kichwa kukubali. Baba alikuwa nyuma ya kiti, na uso wake ulikuwa umechanua. Alinikonyeza. Mimi nilikuwa bado naziangalia zile pini za pazia.

"Bado bafuni," alisema baba. "Kule ndiko kwenyewe."

Kiti hakikuweza kuingia, mlango ulikuwa mwembamba. Baba akambeba. Akamkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya bafu, akasimama pembeni akisubiri, mikono nyuma, mtoto wa shule mbele ya mwalimu. Mama aliweka kiganja ukutani. Akakiacha hapo. Halafu akapitisha kidole kwenye mwanya, kutoka kigae hadi kigae, akitafuta kosa kwa macho yale ya manjano, akapanda mstari, akashuka mstari. Hakulipata.

"Fundi," alisema. "Hii ni kazi."

"Kwa ajili yako."

"Maua yote yamekutana."

"Yote."

Kidole chake kilikuwa bado ukutani.

"Hivi," aliuliza, "ukitaka kuvibandua, vinatoka vizima?"

Baba alikuwa mwongo wa kawaida, kama watu wote wanaoishi mbali na kwao. Alidanganya kwenye simu kwamba hatuna shida, alidanganya bosi wake kwamba magoti hayaumi, na wiki zote zile alimdanganya mama akimtazama usoni. Lakini alikuwa hajawahi kudanganya juu ya kazi yake.

"Havitoki vizima," alisema. "Gundi ile haiachii. Vitavunjika."

"Nilijua," alisema mama. "Nilitaka nikusikie."

Akashusha mkono, akauweka mapajani juu ya mwenzake. Hakulia. Natamani angelia, ningejua la kufanya.

"Wiki zote hizi nilikuwa najiambia, wakijua kitu wataanza kunipendelea, wataanza kunipa vinono. Hamkunipa. Niliposhindwa kulala nilikuwa nahesabu maboksi kichwani, hili la taa, hili la vitasa, nasema bado yamefungwa, basi safari ipo. Mume wangu asingevifungua kama safari ipo." Akaniangalia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyewatafsiria. Ni muda mrefu?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Haya," alisema. "Asante."

"Nilitaka ufurahi," alisema baba. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameshika miguu yake yote miwili kwa mikono. "Injinia, wallahi nilitaka uione. Nilitaka uione tu."

"Nimeiona. Nzuri sana, Fundi. Nzuri kuliko nilivyoipanga." Akampapasa kichwani, pale penye uvimbe wa taa. "Nipeni simu."

Kasuku aliikimbilia, akaileta, akabaki amesimama mlangoni akituangalia mmoja mmoja. Alikuwa hajaelewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kurudia.

Mama Mdogo alipokea kwa kelele zake. Tulimsikia wote, simu ilikuwa imewekwa sauti. "Dada! Shikamoo! Umetoka? Sikiliza, usinigombeze, milango imekuja leo asubuhi! Mninga mtupu! Seremala yuko hapa anapima, nimwambie aanze na upi?"

"Aanze na wa chumba kikubwa."

"Cha kwako. Sawa. Mwanaume, umesikia? Anza na cha dada. Na kontena, dada? Mnaita lini?"

"Hakuna kontena. Akishafunga huo mlango, hamia."

"Nihamie wapi?"

"Chumba kikubwa. Iache hiyo mifuko ya saruji, deki, tia kitanda chako. Usilale tena kwenye vumbi."

"Dada, kile ni chako."

"Ndiyo maana nakupa."

Tulisikia randa ya seremala ikipita kwenye mbao, mara moja, mara mbili, kisha nayo ikasimama. Halafu Mama Mdogo akapiga ukelele, si neno, sauti tu, ule ukelele ambao watu wakiusikia huacha walichoshika wakatoka nje. Wakaanza kusikika wengine, majirani, nani, kuna nini, shika huyo, mkalisheni. Bafu letu lote lilijaa kilio cha kule. Baba alinyoosha mkono kuichukua simu, aikate, amwondolee mama adha ile. Mama alimzuia mkono.

"Mwache," alisema. "Mwache amalize."

Akaishika simu mapajani, akainamisha kichwa, akamsikiliza mdogo wake akimlilia, na sisi watatu tulikaa chini kwenye sakafu ya bafu kumzunguka.